Jiko la peleti Mombasa baada ya miezi minane: moshi mtamu, unyevu ndo unaliua

Toka niweke picha ya lile paja la mbuzi nililolipika kwa jiko langu la peleti watu hawaniachi, kila siku ni ami hilo jiko umelitoa wapi, ami latumia gesi ama makaa, ami bei gani. Basi naandika hapa mara moja, mkiuliza tena nawaelekeza huku. Na ntasema yote, matamu na machungu, manake pesa ni zangu na hakuna aliyenipa kitu cha bure ili nimsifie.

Kwa asiyejua, jiko lenyewe ni kama pipa limelazwa, lina miguu minne, mfuniko na dohani, na ubavuni lina sanduku la kumimina peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa vijiti vifupi, unene kama milimita 6, gundi hamna, ni ile lignini iliyo ndani ya mti wenyewe ikipata joto inashikana. Jirani yangu alipoziona mara ya kwanza akaniuliza nimeanza kufuga kuku lini, na wallahi ukizitazama ni chakula cha kuku wa mayai hivi hivi.

Chini ya sanduku kuna skurubu ndefu, ile ile kama ya mashine ya kusagia nyama, inazungushwa na mota polepole na kusukuma peleti mpaka kwenye kikombe cha chuma kilicho katikati ya jiko. Kwenye kikombe kuna kiwashio, kijiti cha stima kinachoiva kikawa chekundu, ukingoja dakika tano hivi moto umeshika, kisha feni inapuliza. Kuna kompyuta ndogo inasoma joto la ndani, likishuka inaongeza peleti, likizidi inapunguza. Juu ya moto kuna bati, juu ya bati kuna sinia la kukingia mafuta, kwa hivyo nyama haiuoni moto kabisa, inachopata ni hewa moto na moshi. Mama mkwe nilipomueleza alinitazama, akatazama jiko, akasema, "Mwanangu, yaani lataka kuni na lataka stima? Si lingechagua moja." Nikacheka siku ile. Baadaye sikucheka.

Asili yake ni Marekani, jimbo la Oregon, miaka ya 1980, jamaa anaitwa Joe Traeger, familia yake walikuwa kwenye biashara ya majiko ya kupasha nyumba joto. Peleti zenyewe zilishakuwepo, zilianza kupata soko mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970. Hataza yake, yaani haki ya kulitengeneza peke yake, iliisha 2006, ndo maana siku hizi kila kampuni ina la kwake. Langu silitaji jina, la kampuni wala la aliyeniuzia, manake mengine huko chini hayatamfurahisha mtu.

Lilikuja na kontena kutoka Marekani, limetumika kidogo, na hapo ndo kosa langu la kwanza. Muuzaji aliniambia "hili ni la kuchomeka tu bosi". La kuchomeka tu! Huko kwao stima ni volti 120, kwetu ni 240, ningelichomeka vile vile ningeikaanga ile kompyuta kabla sijaonja hata kipande. Bahati nilisoma kibandiko cha nyuma, nikaenda kutafuta transfoma ya kushusha volti. Nikadhani nimemaliza, kumbe kuna jambo la pili ambalo transfoma haliwezi. Stima ya kule inapiga mizunguko 60 kwa sekunde, ya kwetu 50. Mota za zamani zinazokwenda kwa stima ya ukutani vile ilivyo (AC) zinafuata huo mzunguko, kwa hivyo feni na skurubu zote zinazunguka taratibu kuliko alivyotaka aliyeziunda, karibu moja ya sita imepotea hapo. Kwa moto mdogo hulioni hilo, kompyuta inajisawazisha yenyewe kwa kuwasha mota muda mrefu zaidi. Ukitaka moto mkali ndo unaona jiko linatweta kama matatu kuukuu kwenye mlima. Majiko mapya mengi yana mota za DC, yaani za stima kama ya betri, hizo hazina shida hii. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa uliza mota ni za aina gani, na kama muuzaji hajui, kisome kibandiko mwenyewe usione haya.

Haya, uzuri wake sasa. Uzuri wake ni mmoja lakini ni mkubwa: moto mdogo unaokaa pale pale masaa kumi na mbili bila wewe kulikodolea macho. Ukiliweka nyuzi 107 za Selsiasi (lenyewe linasoma 225, kwa hesabu yao ya Farenhaiti, na kitufe cha kubadilisha hakipo, sijui waliona wino ghali) linacheza hapo hapo, juu kidogo chini kidogo. Mwenye kuchoma kwa makaa anajua kazi ilivyo kushika joto dogo namna hiyo, unapepea, unamwagia majivu, unasogeza, mwisho unakasirikia watoto bure. Hapa naweka nyama saa nne usiku, nalala, alfajiri nakuta kazi inaendelea. Na stima halili, wenye wasiwasi wa tokeni tulieni: kiwashio kinavuta kama wati 300 lakini ni dakika chache tu, baada ya hapo ni kama wati 50, sawa na taa moja ya zamani. Usiku mzima haimaliziki hata yuniti moja.

Paja la mbuzi la kilo mbili, chumvi, kitunguu thomu, tangawizi, bizari kidogo ya soko la Marikiti, nyuzi 120 kwa masaa kama matano, mpaka kijiti cha kupimia kikasoma 90 ndani ya nyama. Mfupa ulitoka kwa mkono. Hiyo ndo picha mliyoiona.

Kidari cha ng'ombe ni hadithi nyingine. Wamarekani kidari ndo mfalme wao, lakini ng'ombe wao amekula mahindi akanona, wetu ametembea maili kutafuta nyasi, mafuta atayatoa wapi? Changu cha kwanza kilitoka kikavu kama soli. Nyama ikifika nyuzi 70 hivi inasimama, unaona namba haipandi saa nzima, masaa mawili, unadhani jiko limekufa, kumbe maji yanayotoka juu ya nyama yanageuka mvuke na kuipoza kama jasho linavyompoza mtu. Wao hapo wanaifunga kwa karatasi ya buchani. Mimi nilichukua jani la mgomba, nikalipitisha motoni lilegee, nikafunga nyama na vijiko vinne vya tui zito ndani. Cha pili kilikuwa kitu kingine kabisa.

Lakini kama ningeambiwa nitetee hili jiko kwa chakula kimoja tu ningelitetea kwa samaki. Nguru vipande vinene, chumvi na limau nusu saa, halafu nyuzi 85 kwa masaa mawili, moshi mwingi. Baada ya hapo nikamwaga tui la ukwaju na pilipili na manjano kama wa kupaka, nikaurudisha ndani kidogo tui likauke juu yake. Mama mkwe, yule yule wa si lingechagua moja, alikula kimya. Akala tena. Halafu akasema, "Kama wa kubanika wa zamani, ila moshi wake una adabu." Na kweli amelisema sawa, manake moto wa peleti unapata hewa ya kutosha na unaungua safi, moshi wake ni mwepesi, hauachi ule uchungu wa kuni mbichi. Kwa nyama nzito moshi huo ni mchache mno, hilo nalo niseme. Dawa yake ni bomba la chuma lenye matundu, unajaza peleti, unawasha ncha moja kwa kiberiti cha gesi, unaliweka kando ya nyama linafuka masaa. Langu kanichomelea fundi wa jua kali kwa kipande cha bomba alichokuwa nacho, na ndani nachanganya vijiti vikavu vya mpera. Tena kumbukeni ukitaka moshi teremsha joto, likipanda sana moshi unakwisha kabisa.

Mishkaki usijaribu. Nimejaribu ili wewe usijaribu. Nililikaza mpaka mwisho, likaishia kama nyuzi 200 (mota zangu zile), mishkaki ikatoa maji, ikawa ya kijivu kama imechemshwa. Mshikaki unataka kuliona kaa, unataka ule mwako unaopiga nyama uso kwa uso juu iungue kidogo na ndani ibaki laini, na hapa kati ya nyama na moto kuna bati na sinia. Vijana wanaochoma Mji wa Kale kwa jiko la bati na kipepeo cha ukindu wanalishinda hili lidude asubuhi na mapema. Kuna majiko mapya unavuta bati la katikati pembeni na moto unapita moja kwa moja, nimeona kwa mtu Nyali, hiyo ni akili. Kama langu lingekuwa nalo ningelisamehe mengi.

Sasa machungu yenyewe.

Masika. Niliacha peleti sandukuni wiki moja, nimefunika vizuri kabisa, jiko liko barazani chini ya paa, mvua haikuligusa. Siku ya kuwasha nasikia mota inaguna tu, nguuu, nguuu, halafu tak! kimya. Peleti zilikuwa zimenyonya unyevu wa hewa, hewa tu jamani, si maji, zikavimba zikarudi kuwa unga, ule unga ukajishindilia ndani ya bomba la skurubu ukawa mgumu. Kile kilicholia tak ni pini ndogo inayoshika skurubu kwenye mota, imewekwa makusudi ikatike kabla mota haijaungua, na nawapa heko kwa hilo. Nikamleta fundi, akachungulia na tochi akaniuliza, "Bosi, hapa ulimwaga simiti?" Tulifungua boliti kumi na moja kulitoa lile skurubu, tatu zikiwa zimeshikwa na kutu, na unga tukautoboa kwa drili. Tangu saa tatu mpaka adhuhuri.

Kwa hivyo kwangu mimi maboresho yanaanza kwenye sanduku. Mfuniko wake ni bati limekaa juu ya bati, hata uzi wa mpira hauna. Weka gasketi! Friji ya bei rahisi inayo. Halafu chini ya sanduku weka mlango wa kumwagia, mtu akimaliza kupika avute, peleti zianguke kwenye ndoo, mambo kwisha. Langu halina, nazichota kwa kikombe na zile za mwisho nazitoa kwa kuliendesha skurubu mpaka liishe. Na lile skurubu liweze kuchomolewa kwa boliti mbili kutoka nje, kwani lazima tulipasue jiko zima? Mengine yana mlango huo wa kumwagia tayari, kwa hivyo si kwamba haiwezekani. Mpaka siku hiyo ifike mie naweka peleti zangu kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, gunia la kilo 9 linaingia lote. Na kabla ya kuwasha nakata moja kwa vidole: ikilia tak ni kavu, ikivunjika kimya kimya kama biskuti iliyolala wazi usiitie kwenye jiko.

La pili stima, na hapa ndo mama mkwe aliponirudia akilini. Usiku wa kuamkia Idd, nyama ya watu kumi na tano ndani, saa nane stima ikaenda. Feni ikasimama. Kaa liko kwenye kikombe, linawaka, hewa haisukumwi tena kwenda juu, moshi ukaanza kutafuta njia na njia aliyoiona ni bomba la skurubu, kurudi nyuma, kwenye sanduku lenye kilo nne za kuni kavu. Niliamshwa na harufu. Nafunua sanduku moshi huo usoni! Nikachota peleti zote gizani kwa bakuli la uji, mke wangu kashika simu kunimulikia, na kila sekunde nawaza huo mlango wa kumwagia uko wapi. Moto haukufika, alhamdulillahi, lakini zile peleti za chini zilikuwa nyeusi. Nyama tukaimalizia kwenye sufuria.

Na stima ikirudi usibonyeze tu kuwasha. Fungua kwanza, ondoa nyama, ondoa sinia na bati, toa peleti zilizorundikana kwenye kikombe ndo uwashe, la sivyo zinafuka zote kwa pamoja halafu zinalipuka moto mmoja wa kukutoa nyusi. Vile vile ukimaliza kupika usichomoe plagi, bonyeza kuzima halafu liache feni iendelee kama dakika kumi mpaka kikombe kiungue kiishe. Hili watu wengi hawalijui.

Kitu kinachovuta wati 50 tu mbona kisiwe na mahali pa betri? Yako majiko madogo ya kusafiria yanayokwenda kwa volti 12, yanachomekwa kwenye gari, ina maana wanajua kufanya. Toa waya mbili nyuma za betri, stima ikienda lijihamishe lenyewe, hata kama si kupika basi angalau feni ipulize mpaka moto ufe salama. Hilo moja tu lingeuza majiko haya pwani nzima. Mimi sasa hivi nimefunga betri ya gari na inveta ndogo, inanipa masaa kadhaa, lakini ukijumlisha inveta na transfoma na waya zake pembeni, baraza langu limekuwa kama kituo cha stima.

Badala yake kampuni imeweka waifai. Sikatai, ni raha uko msikitini Ijumaa unatoka unatazama simu unaona nyama imefika 82. Lakini waifai haijui kwamba stima imekwenda, manake na yenyewe imekwenda nayo.

Chumvi je. Sisi hatuko mbali na ule mkono wa bahari wa Tudor, chumvi inafika mpaka kwenye bawaba za milango. Pipa lenyewe limepakwa rangi nzuri limestahimili, kilichooza ni skurubu ndogo ndogo, bawaba za mfuniko na miguu. Yaani wameweka chuma kizuri panapoonekana na rahisi pasipoonekana. Wavu wa ndani wanakwambia ni stenlesi, sawa, lakini stenlesi si moja, kuna 304 na kuna 316 iliyotiwa molibdenamu ndo ya kupambana na chumvi ya bahari, ya kwanza huku inaanza vidoti vya hudhurungi usipoifuta. Sisemi watengeneze jiko zima la 316, bei itafika mbinguni, lakini skurubu na bawaba ni gramu ngapi?

Upepo wa kusi nao ukivuma unaingia kwenye dohani na kurudisha majivu chini juu ya nyama. Nimeligeuza jiko dohani iangalie ukuta na shida imepungua. Majivu ni machache, vijiko viwili kila ukipika, ila yasipotolewa yanaziba vitundu vya hewa vya kikombe na kiwashio kinahangaika bure, na ili uyafikie lazima utoe wavu, sinia, bati, vyote vina mafuta, mikono yako kama ya fundi gari. Kikombe kingekuwa na kitako cha kufungua chini, ungevuta ukamwaga ukaendelea na maisha. Sinia livishe foili na ulibadilishe mara kwa mara, mafuta ya mbuzi yakirundikana hapo juu ya moto ni hatari.

Peleti zenyewe zinaletwa kutoka nje na si bei rahisi, linakula kama nusu kilo mpaka kilo moja kwa saa kulingana na moto, kwa hivyo usiku mmoja mrefu unaweza kumaliza gunia. Kuna rafiki yangu alitaka kuanza kushindilia unga wa mbao wa wale mafundi wa fanicha. Nikamwambia usithubutu, ule unga umechanganyika plaiwudi na MDF na mbao za dawa, ni gundi na sumu unazipeleka kwenye chakula. Na zile peleti za kupashia nyumba joto huko Ulaya usizinunue pia hata ukizipata kwa bei ya kutupa, hazikutengenezwa kwa chakula.

Jiko hili nalipa alama 6 kwa 10. Mwenye hoteli Bamburi au Diani aliye na jenereta na mtu wa kulisafisha kila siku, nunua, kwa mbavu na samaki halina mpinzani. Mtu wa nyumbani anayechoma mishkaki Jumapili mara moja kwa mwezi, baki na jiko lako la makaa, pesa iliyobaki nunua nyama.

Mie langu siliuzi, mwacheni kuniuliza. Jumapili mama mkwe kaagiza nguru tena, peleti nimeziona zimelegea kidogo nikazianika juani tangu saa tatu, na kuku wa jirani ashamaliza robo sahani.